Rada ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kiwanja hadi onyo kumfikia rubani

Rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege haipimwi kwa uzuri wa picha ya mvua inayoichora. Inapimwa kwa maswali mawili: je, inauona upepo ulivyo katika mita 500 za chini kabisa juu ya njia ambazo ndege hushukia na kupandia? Na je, habari hiyo inamfikia rubani kabla hajaingia humo? Mita 500 hizo ndizo zinazotajwa katika Kiambatisho cha 3 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kuhusu maonyo ya mabadiliko ya ghafla ya upepo. Kila uamuzi ulio katika mwongozo huu, uwe wa kiwanja (ardhi ya kusimika rada), antena au programu, unarudi kwenye maswali hayo. Mradi unaoanza kwa kuchagua mashine kabla ya kuyajibu huishia na rada nzuri iliyosimama mahali pasipofaa.

Ijue hatari kabla ya kuijua mashine

Maikrobasti ni hewa iliyopoa na kuwa nzito ndani ya wingu la dhoruba. Huporomoka kwa kasi, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Upana wake hauzidi kilomita 4, na mara nyingi huanza na kwisha ndani ya dakika 5 hadi 15. Ndege inayoshuka ikipita katikati yake hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoongezeka. Mbawa hupata nguvu ya ziada, ndege huinuka juu ya mstari wake wa kushukia, na rubani asiyejua kilicho mbele hupunguza nguvu ya injini. Sekunde chache baadaye hewa humsukuma chini, kisha upepo wa mbele hugeuka kuwa wa nyuma. Kasi ya ndege katika hewa huanguka wakati ule ule ambao injini ziko chini na ardhi iko karibu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa safari namba 191 ya Delta Air Lines iliyoanguka Dallas/Fort Worth tarehe 2 Agosti 1985 na kuua watu 137. Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa ameshaieleza hatari hii alipochunguza ajali ya New York ya mwaka 1975, na ajali ya Dallas iliongeza msukumo wa Marekani kujenga rada maalumu za viwanja vya ndege, zinazojulikana kwa kifupi kama TDWR. Zilizowekwa kazini ni 45, na mengi ya yanayofuata hapa yamethibitishwa nazo.

Hatari ya pili ni ukingo wa upepo wa dhoruba, yaani hewa baridi inayotangulia mbele ya dhoruba kwa kilomita nyingi. Mara nyingi haishushi ndege, lakini hubadilisha mwelekeo wa upepo uwanjani kwa dakika chache na kulazimisha njia ya kurukia ibadilishwe. Mvua ya mawe na msukosuko ndani ya mawingu huonekana kwa rada karibu yoyote iliyo nzuri. Ni hizi mbili za kwanza zinazodai rada iliyopangwa kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Chora eneo la ulinzi

Chukua ramani ya uwanja. Kwa kila mwisho wa njia ya kurukia, chora mstari wa maili 3 za baharini upande wa kutua na maili 2 upande wa kuruka. Eneo hilo, pamoja na njia yenyewe, ndilo ambalo mfumo wa TDWR hulitolea maonyo. Kisha chora duara la kilomita 60 kwa ajili ya dhoruba zinazokuja. Andika masharti kwa namba: mzunguko wa antena wa pembe ya chini kila dakika 1, upimaji wa tofauti ya upepo kuanzia noti 15 (noti 1 ni maili 1 ya baharini kwa saa), kukamata angalau asilimia 90 ya maikrobasti, na maonyo ya uongo yasizidi asilimia 10. Viwango hivi viwili vya mwisho ndivyo TDWR ilivyowekewa, na vinafaa kuwa msingi wa mkataba wowote wa ununuzi. Mkataba unaotaja nguvu ya transmita na kipenyo cha antena bila kutaja viwango vya kukamata hatari haumlindi abiria.

Hatua ya 2: Tafuta kiwanja

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu kosa la kiwanja halirekebishwi kwa programu.

Kwa mwale ulioinuliwa digrii 0.5, katikati ya mwale huwa karibu mita 145 juu ya rada ukiwa umbali wa kilomita 15. Kwa kilomita 40 huwa mita 440, na kwa kilomita 60 ni mita 735. Kanuni ya haraka ni hii: zidisha umbali kwa saini (sine) ya pembe, kisha ongeza umbali kwa kipeo cha pili ukigawa kwa kilomita 17,000, ambazo zinahesabu mviringo wa dunia pamoja na kupinda kwa kawaida kwa mawimbi hewani. Upepo mkali zaidi wa maikrobasti uko katika mita 100 za kwanza hivi kutoka ardhini. Kwa hiyo rada ya taifa iliyo kilomita 60 kutoka uwanjani inaweza kuchora dhoruba vizuri sana huku upepo unaoua ukipita chini ya mwale wake bila kuonekana.

Kuiweka rada ndani ya uwanja si jibu pia. Juu ya rada kuna koni isiyoonekana kwa sababu antena haipimi hadi utosini, na majengo, mahangari na ndege zenyewe hurudisha mwangwi mkali. Umbali unaofaa ni kilomita 12 hadi 20 kutoka kwenye njia za kurukia. Ndani ya umbali huo rada huona uwanja wote kwa mwale mwembamba na bado huona sehemu ya juu ya dhoruba iliyo juu ya uwanja. Wingu lenye kimo cha kilomita 12 likiwa umbali wa kilomita 15 linahitaji antena iinuke hadi digrii 39 hivi.

Mwelekeo nao una uzito. Rada ya Doppler hupima tu kasi ya matone yanayoikaribia au kuondoka kwake, haioni yanayokatiza. Rubani naye anajali upepo ulio kwenye mstari wa njia yake. Kwa hiyo kiwanja bora ni kile kinachotazama njia kuu ya kurukia kwa urefu wake. Ukiiona njia kwa ubavu, utakuwa unategemea maikrobasti itawanyike sawasawa pande zote, na mara nyingi haitawanyiki hivyo.

Fika kwenye kila kiwanja unachokifikiria ukiwa na teodolaiti, yaani kifaa cha kupimia pembe, na upime pembe ya upeo wa macho kila digrii 1 kwa digrii zote 360, ukiwa kwenye kimo cha antena ya baadaye. Kreni au droni hutumika kufikia kimo hicho. Upande wa uwanja kusiwe na kizuizi kinachozidi digrii 0.3. Miti huhesabiwa kwa kimo itakachofikia miaka 20 ijayo, si kimo cha leo. Angalia mipango ya ujenzi ya eneo, na hasa mitambo ya umeme wa upepo: mabapa yake yanayozunguka huonekana kwenye rada kama mvua inayokimbia, na kichujio cha vitu visivyotembea hakiyaondoi. Usiyakubali ndani ya kilomita 5 kwa rada ya wimbi la sentimita 5, au kilomita 10 kwa rada ya sentimita 10. Mnara wa rada nao usivuke nyuso za kuzuia vikwazo zilizoelezwa katika Kiambatisho cha 14 cha ICAO.

Anza mambo ya ardhi mapema kuliko unavyodhani. Tarehe 2 Julai 1994 ndege ya USAir, safari 1016, ilianguka Charlotte katika maikrobasti na watu 37 wakafa. Uwanja huo ulikuwa kwenye orodha ya kupata TDWR, lakini rada hiyo ilikuwa haijasimikwa kwa sababu ya ugumu wa kupata kiwanja. Rada iliyokuwa kwenye mpango haikuweza kumwonya mtu yeyote.

Hatua ya 3: Chagua urefu wa wimbi na aina ya transmita

Rada za wimbi la sentimita 10 (bendi ya S, gigahezi 2.7 hadi 3.0) hazipotezi nguvu zikipita kwenye mvua kubwa, lakini kupata mwale wa digrii 1 zinahitaji antena ya mita 8.5 hivi. Zile za sentimita 5 (bendi ya C, karibu gigahezi 5.6) hutosheka na antena ya mita 4.2 hadi 4.5. Za sentimita 3 (bendi ya X, gigahezi 9.3 hadi 9.5) hutumia antena ya mita 2.4 tu na bei yake ni ndogo, ila mvua kubwa huzifumba macho: dhoruba ya pili iliyo nyuma ya ile ya kwanza hupungua kwenye picha au hutoweka kabisa. Kwa uwanja mkubwa wenye mvua za tropiki, chagua C au S. Bendi ya X ina nafasi yake kama rada ya kuziba pengo, kwa mfano nyuma ya kilima ambacho rada kuu haikipiti.

Upana wa mwale ni muhimu kuliko nguvu ya transmita. TDWR hutumia antena ya mita 7.6 kwenye bendi ya C na kupata mwale wa digrii 0.55. Kwa umbali wa kilomita 15 mwale huo una upana wa mita 144, wakati wa digrii 1 una mita 262. Mwale mwembamba hugusa ardhi kidogo na hutenganisha upepo wa chini na ule ulio juu yake. Fedha ikiwa haitoshi, punguza nguvu ya transmita kabla ya kupunguza kipenyo cha antena.

Transmita ziko za aina tatu. Magnetroni ni rahisi na hutoa kilowati 250 za kilele bila shida, lakini masafa yake huhamahama na joto, na kila mpigo huanza na awamu yake ambayo kipokezi lazima kiirekodi. Klaistroni ni tulivu na hupima kasi kwa usafi zaidi, kwa gharama kubwa. Transmita za transista hudumu sana, lakini kwa kuwa nguvu yao ya kilele ni ndogo hutuma mpigo mrefu kisha kuukaza kwa hesabu. Mpigo wa maikrosekunde 60 huacha kilomita 9 za kwanza bila kuonekana, kwa sababu kipokezi hufungwa wakati wa kutuma. Kilomita hizo hujazwa kwa mpigo mfupi wenye uwezo mdogo wa kuona mwangwi hafifu. Mwulize muuzaji waziwazi: kwa umbali wa kilomita 5, 9 na 12, rada hii inaona mwangwi wa dBZ (kipimo cha nguvu ya mwangwi) ngapi kwa uchache? Jibu lisipokuwa kwa namba, usitie saini. Kuna maikrobasti kavu zenye mwangwi usiofikia dBZ 35, na ukingo wa upepo wa dhoruba mara nyingi ni mstari hafifu wa wadudu na vumbi wa dBZ 5 hadi 20.

Polaraizesheni mbili, yaani kutuma mawimbi ya mlalo na ya wima, si anasa tena. Ndiyo njia bora ya kutenganisha mvua, mvua ya mawe, ndege wa porini na mwangwi wa ardhi.

Hatua ya 4: Mnara, kuba, umeme

Mnara usitikisike. Kwa mwale wa digrii 1 au chini, mtikisiko na mlalo wa mnara vikijumlishwa visizidi digrii 0.05. Kwa sababu hiyo hiyo, usipandishe mnara zaidi ya unavyohitaji kupita vizuizi: mnara mrefu mno huangaza ardhi nyingi zaidi na kuongeza mwangwi usiotakiwa.

Kuba linaloifunika antena lipakwe rangi inayokataa maji. Rangi hiyo ikichakaa, maji hutanda kama karatasi badala ya kukusanyika na kuteleza, na mvua inaponyesha juu ya kuba lenyewe rada hudhoofika saa ile ile inayohitajika zaidi. Kwa bendi ya X upotevu huu hufikia desibeli kadhaa. Jaribio ni rahisi: mwaga maji juu ya paneli, na yasipotengana kuwa matone, ratibu kupaka upya.

Mrija wa mawimbi kati ya transmita na antena hujazwa hewa kavu yenye shinikizo. Mashine ya kukausha hewa ikifa, unyevu huingia, cheche hupiga ndani ya mrija, na nguvu inayorudi kwenye transmita hupanda. Ukiona kipimo cha nguvu inayorudi kikipanda polepole kwa wiki kadhaa, tafuta kiungo kinachovuja kabla hujailaumu transmita.

Vifimbo vya radi viwe angalau vinne kuzunguka kuba, kila kimoja na waya wake wa kushuka, na ukinzani wa ardhi uwe ohimu 5 au chini, upimwe wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Weka UPS, yaani betri za akiba, ya kubeba mfumo mzima kwa dakika 15, na jenereta inayowaka yenyewe. Njia za kupeleka data ziwe mbili zisizopita pamoja, kwa mfano nyuzi za mwanga na kiungo cha mikrowevu. Dhoruba inayokata umeme wa mtaa ndiyo hiyo hiyo rada inayopaswa kuiona.

Usalama wa mafundi hauna mjadala. Mlango wa kuingia kwenye kuba uwe na swichi inayozima mionzi na kusimamisha mota. Kabla ya kugusa sehemu ya umeme mkubwa, zima, funga kwa kufuli yenye jina lako, subiri muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha gusisha fimbo ya kutoa chaji kwenye kapasita. Antena iliyosimama huku transmita ikituma ni hatari zaidi kwa mtu aliye mbele yake kuliko ile inayozunguka.

Hatua ya 5: Sahihisha vipimo

Anza na mwelekeo. Jua hutoa kelele ya redio inayosikika kwenye kipokezi, na mahali lilipo angani hujulikana kwa hesabu. Liache lifike digrii 20 hadi 50 juu ya upeo, kwa sababu chini zaidi ya hapo kupinda kwa mawimbi huharibu kipimo. Izungushe antena ilipite kwa mlalo na kwa wima, kisha linganisha kilele cha kelele na mahali jua linapopaswa kuwa. Lenga kosa lisilozidi digrii 0.1. Hakikisha kwanza kwamba saa ya mfumo imefungwa kwenye GPS: jua husogea digrii 0.25 kila dakika, hivyo saa iliyokosea dakika moja huweza kukufanya urekebishe antena iliyokuwa sahihi. Kosa la mwinuko la digrii 0.3 kwa kilomita 15 ni karibu mita 80 za kimo, na hizo zinatosha kuukosa upepo wa chini.

Kisha kipokezi. Ingiza ishara ya jaribio yenye nguvu unayoijua, kuanzia karibu na kelele hadi kipokezi kinaposhiba, kwa hatua za desibeli 5. Mstari unaopatikana unapaswa kunyooka. Pima pia nguvu inayotoka kwa mita ya nguvu kwenye kiungo cha upimaji, ukihesabu upotevu wa kila kipande cha mrija hadi antena. Kosa la desibeli 1 katika kiwango cha mwangwi huzaa kosa la takriban asilimia 15 katika kiasi cha mvua, ukitumia uhusiano wa Marshall na Palmer, ambamo Z ni 200 mara R kwa kipeo cha 1.6.

Kwa polaraizesheni mbili, subiri mvua nyepesi inyeshe juu ya rada, inua antena hadi digrii 90 na uizungushe. Tone likitazamwa kutoka chini ni duara, kwa hiyo tofauti kati ya mlalo na wima inapaswa kuwa sifuri. Chochote kinachobaki ni kosa la mashine, na kiondolewe hadi kibaki desibeli 0.1 au 0.2.

Hatua ya 6: Panga mizunguko

Rada inayotumia dakika 10 kukamilisha mzunguko wote itaikosa maikrobasti nzima. Mpango unaofanya kazi ni huu: antena izunguke mara 4 kwa dakika, yaani sekunde 15 kwa mzunguko. Katika kila dakika weka mzunguko mmoja wa chini kabisa na miwili ya juu, halafu sekunde 15 zinazobaki ni za antena kupanda na kushuka. Kwa dakika 5 unapata picha 5 za upepo wa chini na pembe 10 za juu, kuanzia digrii 1.5 hivi hadi 40. Pembe za juu si mapambo. Kiini cha mvua nzito kinachoshuka, pamoja na hewa inayokusanyika kuelekea ndani kwenye kimo cha kati, hutangulia maikrobasti kwa dakika kadhaa.

Idadi ya mapigo kwa sekunde ni mvutano usiokwepeka. Kwa wimbi la sentimita 5.3 na mapigo 1,000, rada husoma kasi bila utata hadi mita 13.25 kwa sekunde tu, na umbali hadi kilomita 150. Kupandisha kasi kunapunguza umbali. Tumia mapigo ya aina mbili kwa zamu: 1,200 na 900 hukufikisha hadi mita 47.7 kwa sekunde, kiasi kinachotosha. Ila hesabu hiyo hukosea pale upepo unapobadilika ghafla kati ya mwale na mwale, yaani mahali pale pale unapopatazama. Programu lazima ilinganishe kila nukta na jirani zake na kusahihisha zilizoruka.

Tatizo la pili ni mwangwi wa mbali. Kwa mapigo 1,000, dhoruba iliyo kilomita 170 huchorwa kana kwamba iko kilomita 20, juu ya uwanja wako. Fanya mzunguko mmoja wa mapigo machache kila dakika chache ili ujue dhoruba za mbali ziko wapi, kisha programu ichague idadi ya mapigo itakayousogeza mwangwi huo nje ya eneo la ulinzi.

Hatua ya 7: Safisha data bila kuondoa ushahidi

Mwangwi wa ardhi hautembei, kwa hiyo huondolewa kwa kufuta kila kilicho karibu na kasi sifuri. Lakini upepo unaokatiza mwale nao una kasi sifuri kwa macho ya rada, na katikati ya maikrobasti pana mstari wa namna hiyo. Kichujio kipana kitakata hatari pamoja na kilima. Chora ramani ya mwangwi wa ardhi siku kavu, tumia kichujio mahali palipo na alama tu, na pendelea vichujio vinavyojirekebisha na kujaza upya kilichokatwa kimakosa. Ramani irudiwe kila msimu. Usiku tulivu, hewa baridi ikitanda chini ya hewa ya joto, mwale hupinda kuelekea ardhini na mwangwi mpya hujitokeza pasipokuwa na kitu mchana.

Kipimo cha jinsi mwangwi wa mlalo na wa wima unavyofanana (1 ni kufanana kabisa) husaidia sana hapa: katika mvua huzidi 0.95, na kwa ndege wa porini, wadudu na ardhi huwa chini zaidi. Usiwafute wadudu kwenye data ya kasi, hata hivyo. Wao ndio wanaouonyesha ukingo wa upepo wa dhoruba pale ambapo hakuna mvua.

Mistari iliyonyooka inayotoka katikati hadi ukingoni mwa picha ni mwingilio wa redio. Bendi ya C inapakana na inashirikiana na mitandao ya intaneti isiyo na waya ya gigahezi 5. Vifaa hivyo vinatakiwa kuisikia rada na kuhama, lakini vilivyofungwa vibaya au kuchezewa havihami. Mwaka 2009 TDWR ya San Juan, Puerto Rico, ilikumbwa na tatizo hili. Soma azimuti (pembe kutoka kaskazini) ya mstari kwenye picha, fuata mwelekeo huo ukiwa na kichanganuzi cha masafa na antena yenye mwelekeo, kisha mhusishe msimamizi wa masafa wa nchi. Kuficha mistari kwa programu huacha mwale mzima ukiwa kipofu.

Hatua ya 8: Geuza data kuwa onyo

Mwongoza ndege hana nafasi ya kusoma picha ya Doppler. Programu itafute, kwenye mzunguko wa chini, vipande ambamo kasi inabadilika mfululizo kadiri umbali unavyoongezeka, iunganishe vipande jirani kuwa umbo moja, kisha ilinganishe na mistari ya Hatua ya 1. Matokeo yawe sentensi fupi: njia gani ya kurukia, aina ya hatari, ukubwa wa kupungua au kuongezeka kwa upepo kwa noti, na maili ngapi kabla ya njia. Upungufu wa noti 30 au zaidi ni onyo la maikrobasti. Upungufu wa 15 au zaidi usiofika 30, au ongezeko la 15 na kuendelea, ni onyo la mabadiliko ya upepo. Onyo husasishwa angalau kila dakika na hufutwa tofauti ikishuka chini ya noti 15.

Unganisha rada na vipima upepo vilivyosambazwa kuzunguka uwanja. Hivyo husoma kila sekunde chache na huona upepo ulio chini kabisa, japo mahali viliposimama tu. Uwanja uliozungukwa na milima huweza kuhitaji pia kifaa cha laiza cha kupima upepo, kwa kuwa upepo wa milimani huwa hatari hata anga likiwa jeupe na rada ikakosa cha kuona. Hong Kong ilianza kukitumia mwaka 2002 kando ya rada yake.

Skrini ionyeshe muda wa data kwa maandishi makubwa. Data ikipita dakika 2, skrini ijifute na kusema wazi kwamba mfumo haupo. Picha ya zamani inayoonekana mpya ni hatari kuliko skrini tupu.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha tunza

Kabla ya kuanza rasmi, endesha mfumo msimu mzima wa dhoruba bila kutangaza maonyo yake. Kila onyo likaguliwe na mtaalamu wa hali ya hewa dhidi ya data ghafi, vipima upepo na taarifa za marubani. Maonyo ya uongo mengi hutoka mahali pale pale kila mara: barabara kuu yenye magari, kundi la ndege wa porini linaloondoka alfajiri, ukingo wa kichujio. Yarekebishwe moja moja. Marubani wakishazoea maonyo ya uongo, hata lile la kweli halitasikilizwa.

Kila siku soma nguvu inayotoka, nguvu inayorudi, kiwango cha kelele na halijoto ya chumba, na uvichore kwenye grafu, maana kuporomoka kwa desibeli 1 kwa mwezi hakuonekani kwa kutazama namba ya leo pekee. Kila mwezi safisha vichujio vya hewa, kagua mafuta ya giaboksi na brashi za pete za umeme zinazozunguka. Kila miezi sita tia grisi beringi na urudie kipimo cha jua kwa mkono, hata kama programu hukifanya yenyewe. Kila mwaka kagua boliti na viungo vya kuba, rangi yake, na ukinzani wa ardhi.

Ghalani kuwe na magnetroni (kama transmita ni ya aina hiyo), kikuza nguvu cha mota, brashi, ugavi wa umeme wa kipokezi na kompresa ya mashine ya kukausha hewa. Magnetroni ya akiba isiwekwe karibu na chuma wala zana za chuma, kwa sababu sumaku yake hudhoofika. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, iwashwe kwa kupandisha nguvu polepole kama mtengenezaji anavyoelekeza. Ukiifunga na kuipa nguvu yote kwa mara moja, itapiga cheche na huenda isipone.

Matengenezo yanayosimamisha rada yafanyike saa ambazo kwa kawaida hakuna dhoruba. Mnara wa kuongozea ndege ujulishwe kwa maandishi kabla ya kuzima na baada ya kuwasha, na wakati huo wote tangazo kwamba ugunduzi wa maikrobasti haupo liwafikie marubani.